Mwanamke wa Mlangoni

Gertrude alikuwa mwimbaji wa kwaya, fundi wa cherehani, mjane, na mpenzi mkubwa wa filamu za wauaji wa kukodiwa. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka watu walimvumilia kwa yote ila hilo la mwisho. Kila Jumamosi mchana aliifunika cherehani yake, akajifunga kitenge vizuri, akaenda zake kwa Hamissi, mtu wa Kindu mwenye ukumbi wa video wa matofali ya udongo nyuma ya soko. Huko aliketi benchi la mbele kabisa, katikati ya vijana waliomwita mama. Siku moja Fortunée wa kwaya alimwuliza kwa upole, ule upole wa kanisani unaochoma, mtu ambaye mume wake alipigwa risasi anapata ladha gani kutazama watu wakipigwa risasi. Gertrude akamjibu kuwa mabenchi ya Hamissi yana mahali pa kuegemea mgongo, ya kanisani hayana. Fortunée hakuuliza tena.

Na asidanganyike mtu, hazikuwa filamu zote. Zile za gharama, zenye helikopta na majengo yanayolipuka, zilimchosha, akasinzia. Alitaka zile za bei ya chee, ambazo muuaji ana koti moja mwanzo hadi mwisho, gari ni lilelile linalofukuza na linalofukuzwa, na damu ina rangi ya juisi ya pakiti. Hamissi alizitafsiri mwenyewe, amesimama kando ya televisheni na maikrofoni mkononi. Lugha zenyewe hakuzijua hata moja, na hilo halikumzuia kamwe. Muuaji wa Kichina alitongoza kwa Kiswahili cha Kindu kitupu, na mabosi wote waliotoa kazi ya kuua walikuwa watu wa Lubumbashi, kwa sababu Hamissi aliwahi kuonewa na mtu wa Lubumbashi.

Lakini kilichompeleka Gertrude pale ni wafu. Katika filamu za bei ya chee maiti wanapumua. Ukilitazama tumbo la marehemu unaliona linapanda na kushuka, mara nyingine na kope zinacheza, na Jumamosi inayofuata yuleyule marehemu yumo katika filamu nyingine, mzima wa afya, ananunua sigara. Basi Gertrude hunyoosha kidole na kusema kwa sauti kwamba huyo anapumua, na benchi zima linaangua kicheko. Vijana walidhani anafanya utani. Yeye alikuwa amefurahi kweli, furaha ya kumtosha wiki nzima.

Kulikuwa na kitu kingine alichokitazama, na hicho hakumwambia mtu. Karibu kila filamu ya muuaji ina mwanamke anayefungua mlango. Muuaji anabisha, mama wa watu anafungua, anaulizwa kama mzee yupo, anageuka na kumwita mumewe. Basi. Baada ya hapo filamu inaondoka na muuaji, na yule mama hatumwoni tena. Hakuna anayemuuliza kwa nini alifungua, wala kwa nini aliita. Gertrude aliona hiyo ni huruma kubwa, na alishangaa kwamba waliomtendea huruma hiyo ni watu wasio na pesa hata ya koti la pili.

Maana yeye mwenyewe ndiye aliyefungua. Ilikuwa Bukavu, mtaa wa Nguba, alasiri moja yenye jua. Mume wake Lwaboshi alikuwa na kesi ya kiwanja na mtu mwenye fedha, na watu walishamwonya. Kijana mmoja akabisha hodi. Shati safi, sauti ya chini, akasalimia, akauliza habari za watoto, akauliza kama papa yupo. Gertrude akageuka, akaita kuelekea chumbani kwa jina la mtoto wao, "Papa Cadeau, kuko mugeni wako." Kisha, Mungu amsamehe, akamletea yule kijana kiti. Alipokuwa anakipangusa kwa upande wa kitenge, Lwaboshi akatokea, na risasi zikalia.

Tangu siku ile hakuna aliyeambiwa habari ya kuita wala ya kiti. Maofisa waliomhoji aliwaambia watu waliingia kwa nguvu. Mchungaji alimwambia hivyohivyo. Na mtoto wake wa pekee, Cadeau, aliyekuwa na miaka minne wakati ule, alikua akijua kwamba watu waliingia kwa nguvu. Jambo hilo Gertrude aliliogopa kuliko njaa, kwamba siku moja Cadeau atajua ni sauti ya mama yake iliyomtoa baba yake chumbani.

Cadeau sasa alikuwa mtu mzima, mrefu, mkimya, na alifanya kazi katika studio ya picha Area 47, mjini Lilongwe, akipiga picha za harusi. Kambini alikuwa na rafiki yake Aristote, kijana mwenye maneno mengi kuliko nguo, ambaye kwa miaka mingi alitangaza kuwa atatengeneza filamu yake mwenyewe ya muuaji wa kukodiwa. Kilichokosekana ni kamera. Hatimaye bosi wa Cadeau akakubali kuiazima kwa Jumapili moja tu, kwa masharti kwamba jioni ileile iwe imerudi mjini. Aristote alipomwona Cadeau anashuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, na begi la kamera kifuani, alimkumbatia dereva wa baiskeli kwanza, maskini, asiyejua hili wala lile, akabaki akishukuru, zikomo, zikomo.

Nyumba ya kupigia filamu ilikuwa ya Gertrude, kwa sababu ilikuwa na mlango unaofungika vizuri. Hamissi alipewa kuwa mume atakayeuawa, kwa kuwa amewatazama watu wengi wakifa na alijiona ana ujuzi. Muuaji alikuwa Cadeau. Aristote alisema uso wake haucheki, na uso wa namna hiyo huupati hata ukiuomba kanisani. Gertrude alipomwona mwanawe amevaa koti jeusi la muuaji, aliingia jikoni kupika nsima, ugali wa huko, ambayo hakuna aliyemwomba. Cadeau akamfuata, akamwambia ni filamu tu. Akajibu kwamba anajua, yeye amezitazama kuliko wote.

Mwanamke wa mlangoni alikuwa awe Sophie, jirani yao. Lakini dada yake Sophie, aliyeolewa Nathenje, alishikwa na uchungu wa kujifungua usiku wa kuamkia siku hiyo, na Sophie akaondoka na gari la kwanza. Jua lilikuwa limeshapinda. Aristote alizunguka uani ameshika kichwa, kisha akasimama, na macho yake yakatua kwa Gertrude. Watu wote uani wakamtazama Gertrude.

Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitaka. Tangu asubuhi alikuwa akimtazama Hamissi akifanya mazoezi ya kufa, anaanguka, analala, anainuka, anajikung'uta vumbi, anaomba maji ya kunywa. Akajiambia kwamba akiita mara moja kwa mchezo, na aliyeitwa akaanguka halafu akainuka mbele ya macho yake, pengine ile sauti iliyokwama kooni mwake miaka yote itatoka na kwenda zake. Ni maneno machache tu. Akavua aproni, akasema yuko tayari.

Aristote akapiga kelele ya kuanza. Cadeau akabisha. Gertrude akafungua.

"Jambo, mama," Cadeau akasema. "Papa iko?"

Gertrude akafumbua kinywa aite. "Haiko," akasema.

Watu wakacheka, na Aristote pia akacheka, kwa sababu mwanzo wa kazi ni mwanzo. Akamweleza polepole, kama mtu anayemweleza bibi yake simu mpya, kwamba papa yupo, yumo chumbani, na akisema hayupo filamu inakuwa fupi mno. Gertrude akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mlango ukafungwa, ukabishwa, ukafunguliwa. Papa yupo? Hayupo. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Aristote akaangalia jua, akaangalia betri, akamwomba Mama Cadeau amhurumie.

Mara ya tatu Gertrude alifungua kabla Cadeau hajamaliza kubisha.

"Papa iko?"

"Haiko. Alienda Uvira. Hatarudi."

Aristote alikuwa ameshainua mkono kusimamisha, lakini Cadeau hakutoka kwenye uigizaji wake. Alimtazama mama yake kwa uso uleule usiocheka, akasema kwa sauti ya chini, "Haina shida. Nitamungojea."

"Hapa hapana kiti," Gertrude akasema.

Akanyoosha mikono yote miwili, akashika mbao za mlango huku na huku. Aristote akaushusha mkono wake taratibu, akaiacha kamera iendelee, roho yake inaruka kwa furaha, maana mambo kama hayo hayaandikwi. Na hapohapo, nyuma ya Gertrude, pazia la chumbani likafunguka, akatokea Hamissi na mfuko wake wa rangi nyekundu umefungwa chini ya shati. Aliuliza yeye anakufa saa ngapi, maana amesikia watu wanaongea tu mlangoni, akaona atoke aangalie kuna nini.

Uani wakacheka hadi mbavu zikawauma. Gertrude aligeuka, na aliyemwona hakuwa Hamissi. Akamrukia mikono mbele, akamsukuma kifuani kwa nguvu zake zote kumrudisha chumbani, anamwambia arudi, arudi ndani, amesema hayupo. Mfuko ukapasuka. Rangi ikamwagika kwenye shati la Hamissi na kwenye mikono ya Gertrude mpaka kwenye viwiko, naye akasimama akiitazama mikono hiyo. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Hamissi, mtu mzima, aliyekimbia vita mara mbili, akawa anamwambia taratibu, "Mama Cadeau, ni mi. Ni Hamissi. Ni rangi."

Cadeau alivua koti akalitupa kwenye kamba ya nguo. Akamshika mama yake begani, akampeleka nyuma ya nyumba, mahali pa kuoshea vyombo, akachukua jagi akaanza kumwagia maji mikononi. Kwa mbele wakamsikia Aristote akiwaambia watu wasiondoke, jua bado lipo. Rangi haikutaka kutoka. Gertrude alisugua, na huku anasugua akaanza kusema, bila kumtazama mtoto wake, kama anayeongea na maji. Akasema yule kijana hakuingia kwa nguvu. Alibisha, akasalimia, akauliza habari za watoto. Akasema alimletea kiti.

"Ndio mi nilimuita papa yako," akasema. "Mi mwenyewe."

Cadeau aliinamisha jagi mpaka likaisha, akajaza lingine kwenye ndoo, akarudi. Gertrude alisubiri. Aliona vidole vya kijana wake vimeshika mkono wa jagi vibaya, maji mengine yanamwagika kwenye viatu vyake, na akajua kwamba sasa yale aliyoyaogopa maisha yake yote yamefika na yamesimama mbele yake.

"Mi nilikuwa najua," Cadeau akasema.

"Ulikuwa najua nini?"

"Nilikuwa pale, mama. Nilikuwa chini ya meza." Macho yake yalikuwa kwenye jagi. "Papa alikuwa ameshasimama mbele ya wewe kumuita. Alisikia muko naongea, akavaa viatu, akakuja. Hata haungemuita angetoka tu. Kama Hamissi leo."

Gertrude akaacha kusugua. Siku ile Cadeau alikuwa kwa bibi yake, Kadutu, upande wa pili wa mji. Alipelekwa asubuhi ana surua, na alirudishwa baada ya mazishi, amelala mgongoni kwa shangazi yake.

"Viatu gani?" akauliza.

Cadeau alifikiri kidogo. Kutunga haikuwa kazi aliyoizoea, maskini, na ilionekana usoni.

"Ya kahawia," akasema.

Lwaboshi alikuwa na jozi moja tu ya viatu, vyeusi, na siku ile vilikuwa kwa fundi vinashonwa soli. Alikuja mlangoni miguu mitupu. Gertrude aliitazama miguu ile kwenye sakafu muda mrefu sana, kwa sababu uso hakuweza kuutazama, na mpaka leo angeweza kukuambia ukucha gani ulikuwa umepasuka.

Akanyoosha tena mikono chini ya jagi ili mwanawe amwagie.

"Ndio zile," akasema. "Alizipendaka sana."