Mpishe Aliye Nyuma

Mzee Kasaine wa Lemara alikuwa mcheza gofu wa kukera. Wenzake walicheza wafurahi, yeye alicheza aadabishe. Ukikanyaga njia ya mpira wa mwenzako, umekwisha. Ukitoka kwenye shimo la mchanga bila kupitisha reki, siku nzima utasikia habari zako. "Gofu ni adabu," alikuwa akisema. "Kupiga mpira hata punda anaweza." Jamani, punda! Lakini ndivyo alivyokuwa, na binti yake Naserian alimpenda hivyo hivyo.

Mwaka huu moyo ukamlaza mzee hospitali. Akiwa bado ana mipira ya hewa puani, rafiki yake Sumari, aliyecheza naye tangu ujana, akafariki. Familia ikakaa, ikaamua kama tunavyoamua sote: mgonjwa hapewi habari za msiba. Kazi ya kumficha akatwishwa Naserian. Akamwambia baba yake kwamba Mzee Sumari amekwenda Mwanza kukaa kwa mwanawe. Daktari alishasema, mshtuko mmoja tu na huyu mzee hamnaye tena. Mama walikwisha kumzika, na Naserian hakuwa na mzazi mwingine wa kupoteza. Basi akadanganya, na akaendelea kudanganya kila alipoulizwa.

Jumamosi moja ya Julai mzee akaruhusiwa kutembea. Wapi? Kiwanjani, wapi tena! Kiwanja chao kiko juu ya Sekei, zamani kilikuwa shamba la kahawa, na asubuhi za Julai ukungu wa Meru hushuka mpaka kwenye nyasi, na baridi yake haina mchezo. Hapakuwa na mtu ila yeye na Naserian. Wakacheza shimo la kwanza taratibu, mzee akihema kidogo, amefurahi kama mtoto.

Kwenye shimo la pili Naserian aligeuka, akaona mtu amesimama nyuma yao, peke yake, begi la fimbo begani. Alisimama mbali, kwa heshima, akisubiri wasogee.

"Kuna mtu nyuma," mzee akasema. Macho yake hayakuwa yakifika mbali siku hizi, aliona kivuli tu. "Yuko peke yake, ana mwendo kuliko sisi. Tumpishe."

Ndivyo inavyotakiwa. Mwenye mwendo wa pole husimama pembeni, humpungia mkono aliye nyuma, naye hupita, hushukuru, huenda zake. Naserian akainua mkono ampungie. Mkono ukaishia hewani. Yule mtu alikuwa amevaa koti la kijani la klabu, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Naserian alivijua vifungo vile. Alivifunga yeye mwenyewe, siku walipomvika Mzee Sumari kabla ya kumlaza kwenye jeneza.

Akipita, aliwaza, atapita ubavuni mwa baba. Baba atamtambua.

"Anatafuta mpira wake, baba," akasema. "Twende zetu."

Wakaenda. Kwenye shimo la tatu alikuwapo, umbali uleule. Naserian alimwona akikatiza kwenye mchanga, akatoka upande wa pili, na mchanga ukabaki laini kama reki ilivyouacha. Akaanza kumwomba Mungu kimoyomoyo, Kimaasai na Kiswahili vikichanganyikana.

Mzee naye akapandwa na hasira. "Naserian! Hivi ni mimi niliyekulea? Mtu tumemsimamisha kwenye baridi yote hii!"

"Hataki kupita, baba."

"Umemuuliza? Haya. Kama hatumpishi, basi tumkaribishe acheze nasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na kabla Naserian hajamshika mkono, mzee akapaza sauti: "Bwana wee! Karibu tuungane!"

Yule mtu akaja. Hakukimbia, lakini alifika upesi mno.

"Sumari!" Mzee Kasaine akamkumbatia kwa furaha mpaka kofia ikamdondoka. "Umerudi lini kutoka Mwanza? Hata simu hupigi! Looo, umepoa wewe! Naserian, mbona humwamkii mzee?"

"Shikamoo," Naserian akasema.

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa sauti yake ileile. Alimtazama bila hasira, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha zaidi. "Mimi nilikuwa napita tu. Nilikuwa nasubiri mnipishe, niende zangu."

"Uende wapi?" Mzee Kasaine akacheka. "Tumeshaungana. Walioungana humaliza pamoja, au umesahau?"

"Sijasahau," Sumari akasema, akaweka mpira wake chini.

Hapo Naserian akajua hakuna dakika nyingine. Mshtuko au si mshtuko, lazima aseme. "Baba! Baba, huyu Mzee Sumari ali..."

Baba yake akainua kiganja bila hata kugeuka. "Kimya! Huoni mwenzako anapiga?"

Na Naserian, aliyelelewa na kiganja kile, akanyamaza. Mungu wangu, akanyamaza!

Sumari akapiga. Fimbo haikutoa mlio. Kisha Mzee Kasaine akasogea, akapiga wa kwake, ukaruka vizuri kuliko yote aliyopiga tangu augue. Wazee wakaifuata mipira yao, bega kwa bega, wakitaniana, na ukungu ukawafunika.

Hapo ndipo Naserian alipokimbia akipiga kelele, "Amekufa, baba! Sumari amekufa!" Alimkuta baba yake amelala kwenye nyasi, peke yake, uso umetulia, fimbo ingali mkononi. Akapiga magoti, akamweleza yote, jeneza, Mwanza, uongo wa kila siku, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.