Vimo vya Wajukuu

Binti yangu alinipigia simu kusema kwamba likizo hii tutawapeleka watoto wake wawili kwenye bustani ya michezo. "Baba, wewe tupangie siku nzima. Mambo ya mpango unayaweza." Nilifurahi hadi nikasahau chai jikoni, ikachemka na kumwagika.

Kila mchezo pale una kimo chake, na mtoto asiyefika hapandi. Vimo vya wajukuu zangu ninavijua kwa moyo, maana mimi ni fundi cherehani na sare zao za shule nilizishona mwenyewe. Nikawapangia treni ndogo, farasi wa kuzunguka na mashua za bata.

Jumapili nikawasomea mpango wangu kwa simu. Wakaangua kicheko.

"Babu, treni hiyo ni ya chekechea," alisema mkubwa, kwa sauti nzito ambayo sikuitambua mara moja. "Mimi nimeshampita mama."

"Kwa miguu tu, akili bado," akadakia dada yake.

"Na sare zangu bado zinawatosha?" nikauliza.

"Siku hizi tunanunua dukani, babu."

Futikamba ilikuwa shingoni mwangu, kama kila siku. "Basi njooni niwapime, nipange upya."

"Usijisumbue, babu. Tutapimwa getini."

Binti akachukua simu, akasema tutakutana huko huko. Nikamwambia ni sawa. Kisha nikakaa mezani na kalamu mkononi, nikijaribu kukisia urefu wa watoto wale, nikashindwa.