Glavu Alizokataliwa Kioo

Seremala ndiye aliyemfundisha dada yake mdogo kazi ya mbao, na haikupita miaka mitatu mwanafunzi akampita mwalimu. Wateja walimwita Kioo, maana meza zake za mbao na resini, gundi angavu inayomiminwa ikaganda, ziling'aa hata mtu akajichungulia meno humo.

Siku alipoleta mkebe wa kwanza wa resini, Kioo alikuja na karatasi ya maelekezo.

“Kaka, wanasema tununue glavu za naitraili, ule mpira mgumu, siyo hizi nyembamba zinazochanika. Na barakoa yenye vichujio vya mvuke. Hii ya kitambaa haizuii kitu.”

Seremala akacheka mpaka akashika kiuno. “Kwani unakwenda mwezini? Mimi nimeshika gundi na vanishi kwa mikono mitupu miaka ishirini. Gundi haina meno, mdogo wangu.”

Mafundi wawili waliokuwa wakipiga randa wakacheka naye. Kioo akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo akawa anachanganya resini na dawa yake ya kuigandisha, dirisha moja wazi, na jioni akifuta matone mikononi kwa tina ya kuzimulia rangi, kama kaka alivyomwonyesha. Karatasi ilikataza hata hilo: tina huifungulia resini njia ya kupenya ngozini.

Baada ya miezi minane vidole vikaanza kumwasha.

“Joto hilo,” alisema Seremala, akampa mafuta ya kupaka.

Kisha akaja mteja mwenye haraka zake. Meza haijakauka vizuri, Seremala akamwambia Kioo aipige msasa hivyo hivyo. Adhuhuri Kioo alitoka nje akipapasa ukuta, macho yamevimba hata hayafunguki, kifua kinalia kama filimbi. Seremala akambeba mgongoni mpaka zahanati, njia nzima akimwita jina lake la utotoni.

Walipomtuliza, daktari aliigeuza mikono ya Kioo, akaitazama. “Mwili umeikataa resini. Na mwili ukishakataa, haubembelezwi.”

“Kwa muda gani?” Seremala aliuliza.

“Maisha. Hata vumbi lake.”

“Nikimnunulia barakoa nzuri?”

“Hiyo ungemnunulia zamani.”

Kesho yake Seremala alifika dukani kabla mlango haujafunguliwa. Alirudi na maboksi ya glavu za naitraili, barakoa za vichujio, miwani ya kufunika macho, na feni ya kuvuta hewa nje. Akavipanga juu ya meza ya kazi. Mafundi wake walivitazama bila kucheka.

Kioo alikuja kuchukua vifaa vyake. Hakuingia, alisimama nje, mbali na kizingiti.

“Vya nani hivyo?”

“Vya... vya karakana.”

“Hongereni.” Akanyoosha mkono. “Nipe randa yangu.”

Seremala akamletea.

“Ifute kwanza.”

Akaifuta kwa upindo wa shati.

“Kwa kitambaa safi, kaka.”

Siku hizi Kioo anakaa mapokezi ya shule moja, anaandika majina ya wageni. Mikono yake imepona, ila vidole vimebaki na ngozi kavu inayopasuka. Karakana inaendelea, na Seremala ni mkali kupita kiasi: asiyevaa barakoa hagusi mkebe. Meza zinatoka, lakini hazing'ai kama zile.

Jumapili moja Seremala alipita kwa mama yao moja kwa moja kutoka kazini. Alipoketi tu, Kioo, aliyekuwa amekuja kumwona mama, akainuka, akahamishia kiti chake mlangoni.

“Mmegombana?” mama akauliza.

“Hapana, mama. Ni nguo zake.”

Seremala alitoka uani, akaoga, akasugua kichwa kwa sabuni mara mbili, akaazima shati la jirani. Aliporudi, maji yakimchuruzika shingoni, kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu.

“Ameondoka,” mama alisema. “Kasema kesho anawahi kazini.”