Shikamoo Elfu Mbili

Kila asubuhi Candida aliweka chai ya tangawizi kushoto kwa kompyuta, akafungua mfumo wa duka, na ukurasa ukamwambia: "Mambo, Candida." Jumatatu hiyo ukurasa haukufunguka. Chai ikapoa, ukurasa ukabaki mweupe.

Chini dukani, mtaa wa Msimbazi, simu zilianza kuita. Wateja wa vitenge wa Songea na Mtwara walikuwa hawazioni oda zao.

Candida alijua sababu mapema kuliko alivyopenda. Programu aliyoiandika kwa lugha ya JavaScript kwenye seva, kompyuta inayotuma kurasa, ilikuwa kama muuzaji mmoja mwenye wateja wengi: huyu akisubiri mzigo wake, muuzaji anamhudumia yule. Lakini Candida, aliyelelewa Mbinga na mama asiyeruhusu mtu kuingia ndani bila salamu, alikuwa ameandika kiolezo cha kurasa kinachomwamkia kila mteja kwa umri wake. Kwa kuwa kompyuta haina umri, alitumia wa kwake: aliyezidi miaka yake ishirini na sita anapewa shikamoo, wengine mambo. Ili kuujua umri wa mteja, kiolezo kilisoma faili zima la wateja tangu mwanzo, na kikiwa kinasoma, seva haikuinua kichwa kumsikiliza mwingine yeyote.

Kwa mteja mmoja haikuonekana. Asubuhi hiyo mwenye duka, Mama Mektilda, alikuwa amefungua orodha ya wateja wote elfu mbili. Seva ilikuwa inawaamkia mmoja mmoja, kwa adabu, na Songea inasubiri.

Mama Mektilda alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akapumua, akauliza nani ameugusa mfumo. Beno, fundi mwenzake Candida, akasema yeye aliugusa Jumamosi, ila alibadilisha rangi ya kitufe tu.

"Rangi gani?"

"Kijani, mama."

"Basi ni hicho kijani."

Akamwambia kuanzia leo aende stoo ya Mchikichini akapange marobota, kompyuta awaachie wenye utulivu. Akamtazama Candida, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametulia kama yeye. Candida alifungua mdomo, akamkaribisha mama chai.

Mama akasema imepoa.

Beno hakubishana. Alichomoa chaja yake, akauzungusha waya taratibu, akauliza kama stoo kuna feni. Hakuna.

Candida akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake; hakukiinua.

"Mama, Beno hana kosa. Ni mimi," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyoizoea. "Niliiandika programu imalize kuamkia watu wote kabla ya kufanya kazi nyingine. Nitaibadilisha isome faili mara moja tu, asubuhi, iwe inakumbuka. Lakini salamu siziondoi."