Redio Haimwoni Shangazi

Mwalimu Kalinga alikuja Igawa kutoka chuoni Iringa, na hata vumbi la safari halijamtoka akakipiga marufuku kikundi chetu cha redio. Alisema kisomo cha watu wazima hakifanyiki kwenye baraza la duka. Ni darasani, mbele ya ubao, mwalimu amesimama.

Kikundi kile nilikianzisha mimi. Jayantilal mwenye duka alikuwa akitutolea redio yake nje kila alasiri, tunakaa kwenye magunia na kusoma. Sikuchaguliwa kwenda sekondari, lakini kusoma nimesoma, kwa posta na kwa redio ile. Hata mizani ya mashairi niliijua kwa kuihesabu vidoleni, sikio likiwa redioni. Leo mtu aje aniambie hayo si masomo kwa kuwa sikukalia dawati?

Nilimkataza shangazi yangu Roza kwenda huko darasani. Yeye alitaka jambo moja tu: kuandika jina lake, aache kupakwa wino kwenye dole gumba mnadani kila anapouza ng'ombe. Akasema atakwenda. Nikamfuata nimekunja uso.

Tulichelewa, ndama walikuwa wameingia kwenye mpunga wa watu. Tukakuta watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Shangazi akapiga magoti mlangoni, akaamkia kama wanawake wetu wa Kisukuma wanavyoamkia.

"Mwadila."

Kalinga hakuitikia. Aliwageukia wengine.

"Mnaona? Huyu kachelewa na adhabu yake anaijua mwenyewe. Mama, kaa hapo hapo mpaka nimalize ubao."

Kwetu mwanamke akikuamkia hivyo hainuki mpaka uitikie. Basi shangazi hakuinuka. Mama aliyelea wanaume wenye ndevu yuko chini kwenye saruji, na kijana yule anaandika ba, be, bi, mgongo ameupa darasa.

"Anakuamkia," nilisema. "Chuoni hawakukufundisha kuitikia salamu? Redio haijampigisha mtu magoti."

Chaki ikasimama. Nikamshika shangazi mkono, nikamwambia twende, kipindi ndiyo kinaanza. Akautoa mkono wake.

"Nkuba, hiyo redio yako nimeisikiliza tangu masika. Nikipatia inasema vizuri sana. Nikikosea inasema vizuri sana. Haijawahi kuniona." Kisha akamgeukia Kalinga, magoti yangali chini. "Wewe unaniona. Basi niitikie niinuke, unionyeshe jina langu linaanzaje."

Kalinga aliuacha ubao.

"Mwadila, mama," alisema, kwa sauti ndogo.

Radhi hakuomba, na mimi hilo sitamsamehe. Alimpa chaki, akaushika mkono wake, na herufi ya kwanza ikatoka imelala ubavu. Akaifuta. Wakaanza tena. Shangazi hakugeuka kuniangalia.

Nikatoka. Barazani kwa Jayantilal redio ilikuwa inayasomesha magunia matupu. Mwalimu wa redio, mama mmoja mwenye sauti ya asali, aliuliza swali, akanyamaza kidogo kutupa nafasi ya kujibu.

"Vizuri sana," akasema.

Niliizima kwa nguvu hata kitufe kikanibaki mkononi.

"Hiyo redio yangu, bwana," alisema Jayantilal.