Mbio za Kupita Barazani

Watu wa mtaani walimwita Msumari kwa sababu alikuwa fundi viatu, na pia, tusidanganyane, kwa sababu ya kichwa chake kigumu. Akiwa na miaka hamsini na ushee, tumbo limemtangulia, alianza ghafla kukimbia kila asubuhi. Wenzake walicheka wakashika mbavu. Aliwaambia kuwa daktari ndiye aliyemshauri afanye mazoezi. Daktari gani? Hakuna daktari aliyekuwa amemwona.

Ukweli ni kwamba alikuwa akipita nyumbani kwa dada wa mkewe, ambako mkewe alihamia baada ya ugomvi. Siku hiyo mkewe alimwambia, "Mimi naishi na nyundo, siishi na mtu." Msumari, bila hata kuinua macho kwenye kiatu alichokuwa akishona, akajibu, "Anayetaka kwenda, aende." Naye mkewe akafunga virago. Kwenda kumwomba radhi, Msumari aliona haya. Kukaa bila kumwona, hakuweza. Mtu anayefanya mazoezi haulizwi anakwenda wapi, basi akakimbia.

Nyumba ile ilikuwa juu ya mwinuko, kando ya lami. Kila asubuhi mkewe alikuwa amekaa barazani. Msumari alivuta tumbo ndani, akaongeza mwendo, akapunga mkono.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

Ndiyo hayo tu. Neno hilo moja alirudi nalo kibandani kwake akashinda nalo kutwa nzima, akigonga visigino vya watu huku akijiuliza kama lilikuwa na hasira au huruma. Usiku alilala upande wake ule ule wa kitanda, ule mwingine hakuugusa. Alimtamani yule mwanamke, sauti yake, hata kelele zake.

Kisha miguu ikaanza kulalamika. Mwanzoni ni ugoko wa kulia tu, upande wa ndani wa mfupa, tena akianza kukimbia. Baadaye yote miwili, hata akipanda ngazi. Akajikongoja hadi zahanati. Muuguzi alimbonyeza mfupani, Msumari akaruka. Kisha muuguzi akakigeuza kiatu cha Msumari. Fundi wetu alikuwa amekitia mwenyewe soli ya tairi la lori.

"Baba, hiki ni kiatu au tofali?"

"Soli hiyo haiishi," Msumari alisema kwa fahari.

"Haiishi, lakini wewe utaisha. Mfupa unapokea kila kishindo. Weka barafu, tafuta viatu laini, na usikimbie wiki kadhaa."

Wiki kadhaa! Barafu na viatu aliona ni jambo dogo. Lakini akikosekana pale barabarani, mkewe atadhani amekata tamaa, na yeye alikuwa hajakata. Kesho yake akajifunga vitambaa miguuni, akatoka hivyo hivyo. Alipofika mwinuko, miguu ikagoma kabisa. Akaumaliza kwa kutembea, akichechemea, jasho likimtoka.

Baraza lilikuwa tupu. Dada wa mkewe alikuwa anafagia.

"Shemeji! Leo unatembea? Kuna nini?"

"Miguu, shemeji. Yuko wapi mwenzangu?"

"Ndani. Kasema hatoki tena."

"Nimemkosea nini tena? Si namsalimia kila siku?"

Shemeji akaegemea ufagio. "Unamsalimia, au unamtoroka? Mwenzio anaamka alfajiri, anaoga, anavaa gauni lile la bluu, anakaa hapa na vikombe viwili vya chai. Wewe unapita kama umefukuzwa na mbwa. Kikombe cha pili nakinywa mimi, mpaka nimeikinai chai. Jana ulipoongeza mwendo akasema basi, huyu ananionyesha kwamba hana haja nami."

Msumari akakaa chini kwenye ngazi, maana hakuwa na namna nyingine. Dirisha lilikuwa karibu, pazia limeshushwa.

"Mke wangu," akaliambia pazia. "Sikuwa na mazoezi yoyote. Nilikuwa nakuja kukuona."

Akajisogeza karibu na dirisha.

"Nimekukumbuka. Nyumba haikaliki. Nisamehe."

"Mbona hukusimama?" Sauti ilikuwa karibu sana, nyuma tu ya kitambaa.

"Niliogopa utaniambia niende zangu."

 Msumari alinyoosha miguu yake, akasikia ndani kijiko kikigonga kikombe, kisha nyayo anazozijua zikienda na kurudi. Alitamani mlango ufunguliwe, haukufunguliwa. Shemeji aliitwa ndani, na ndiye aliyetoka na kikombe kimoja.

"Kasema unywe. Na kasema kesho uje, ila uje polepole."

Msumari akakipokea kwa mikono miwili, akashindwa kunywa.