Upana wa Vidole Viwili

Vumbi la majivu hupanda polepole asubuhi. Hupanda pale mlango wa jiko unapofunguliwa, hukutana na mwanga unaopita kwenye upenyo wa dirisha, na hapo huonekana chembe kwa chembe, likizunguka bila haraka. Upenyo wenyewe si mpana. Ni vidole viwili.

Mama, mama wa mume wangu, mwenye nyumba na mwenye jiko, nakusemesha nawe umesinzia kwenye kiti chako. Sinzia tu. Haya nisingeyaweza ukiwa macho, maana ungenikatiza kwa kicheko, ukasema, "Aa, maneno mengi, moto unazimika huko."

Nilikuja hapa bibi harusi mwenye kichwa kigumu. Watu husema mwanamume akioa kapata jiko. Basi nyumba yako ikawa na majiko mawili, moja la chuma na moja mimi, nawe ukawaambia majirani mbele yangu kwamba yote mawili yakinyimwa hewa yanafuka moshi. Walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Mimi nilinuna siku nzima.

La chuma lilikuwa jeusi, fupi, lenye miguu minne iliyopinda, na bomba lake lilipanda hadi kutokeza juu ya paa. Mji huu una baridi ya kuingia mifupani, na bila jiko hatuishi. Lakini wewe hukulichukulia kuwa chombo. Kila asubuhi uliwahesabu waliomo chumbani, ukalihesabu na lenyewe. "Tuko watatu," ulisema siku ya kwanza niliyobaki nawe peke yetu, mwanao dereva wa lori akiwa safarini. Nikageuka kumtafuta huyo wa tatu. Ukalinyooshea jiko kidole. "Naye anapumua. Mnyime hewa, atachukua yako."

Jamani, nilikucheka! Nilikucheka ulipogonganisha kuni karibu na sikio kabla ya kuzitia motoni. Kavu ililia kwa! kwa! Mbichi ikajibu bu, nawe ukairudisha bandani palepale. "Hii bado ina machozi," ulisema. "Ikakauke mwaka mwingine." Muuza kuni akikuona unakuja alianza mwenyewe kuzitenga mbichi, maana alijua utamgongea rundo zima.

Nilikucheka ulipobana kipande cha gazeti kwenye mlango wa jiko na kukivuta. Kikichomoka kirahisi, ulijua kamba isiyoungua inayouziba mlango imechakaa, na siku hiyohiyo ukabandika mpya. Majivu uliyachota kwa koleo dogo ukayatia kwenye ndoo ya bati, ukaifunika, ukaiweka nje juu ya mawe, na kwa siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. "Jivu ni mnafiki," ulisema. "Juu limepoa, ndani linakungoja."

Na ule mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka jikoni! Nguo, kikapu, gazeti, vyote nje ya mstari. Mwanao na ukubwa wake wote aliwahi kutundika soksi ndani ya mstari, ukamtimua nazo mpaka barabarani, mguu mmoja peku. Siku hiyo angalau tulicheka pamoja.

Kila baridi ilipokaribia ulijifunga kitambaa kichwani, ukaingiza brashi ndefu kwenye bomba, ukasugua mpaka masizi yakamwagika ndooni. Ulitoka mweusi tii, meno tu yakionekana, na nilikuona mzuri kuliko siku zote. Sikukwambia. Ningekwambiaje, na mimi nimenuna?

Lakini hakuna lililoniudhi kama dirisha. "Vidole viwili, mwanangu," ulisema. "Vidole viwili tu." Uliviweka kwenye upenyo vikiwa vimeshikana, ukalisukuma dirisha mpaka likavigusa, ukavitoa. Likabaki hivyo, mvua ije, upepo uje. Nami nikatetemeka pembeni nikijiuliza ni akili gani hii, kuchoma kuni ili kuipasha joto barabara.

Kisha akaja Punje. Alikuja kabla ya siku zake, mdogo hata tukaogopa kumshika, na wewe ndiye uliyempa jina hilo la utani. Ulikuwa umemfumia shali nyekundu. Tulipomfunika nayo tulilazimika kumtafuta ndani yake. Muuguzi alitukabidhi mtoto na neno moja. "Joto. Huyu akipata baridi, hatuna mtoto." Neno hilo lilinikaa kichwani, likafukuza mengine yote.

Ukahesabu, "Tuko wanne." Na dirisha ukaliacha vilevile.

Tuligombana, unakumbuka. Nilikwambia unalipenda jiko lako kuliko mjukuu wako. Ndiyo, mimi, kwa mdomo wangu huu. Ulimvika Punje kofia ya pili, ukamhamishia upande usio na upepo, ukarudi dirishani ukapima tena. "Vidole viwili, mwanangu."

Siku ile baridi ilikuwa ya kuua. Baada ya chakula cha mchana ulijitanda ukaenda kwa muuza kuni. Ulipofika mlangoni uligeuka, ukatutazama mmoja mmoja, jiko la mwisho. "Nikirudi niwakute wote," ulisema.

Moto ulikuwa umetulia, makaa mekundu matupu, hakuna hata uzi wa moshi. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Kwenye bomba kuna kibati cha kuzungusha, mwenyewe ulikiita ulimi, kinachofunga njia ya moshi, nawe ulinikataza kukigusa maadamu kuna chembe nyekundu ndani. Nikakifunga. Nikaikunja shali ya Punje, nikaishindilia kwenye upenyo wa dirisha mpaka mluzi wa upepo ukanyamaza. Ule mwanga mwembamba ukakatika, na vumbi sikuliona tena. Nikajiambia, haya, sasa hii ndiyo nyumba.

Chumba kikapata joto. Jinsi kilivyopata joto, Mama! Punje aliacha kulialia, akalala, nami nikajisifu. Kichwa kilianza kunigonga, nikasema ni uchovu. Tumbo likanichafuka, nikasema ni njaa. Nikamweka kwenye ziwa, akalikataa, shingo ikamlegea mkononi mwangu. Nikasema mwache alale, joto limemkubali. Hewa ile yenye sumu ya makaa haikunuka. Haikuwasha macho wala koo. Nilitaka kusimama nichukue maji, miguu ikakataa, nikaona si neno, nitachukua baadaye.

Wewe ulikuwa umefika kwenye kona ya mtaa, mzigo wa kuni kichwani. Haya umenisimulia mara moja tu. Ulitupia jicho dirisha letu kama ulivyozoea, ukaona wekundu mahali ambapo kwa kawaida huonekana ufa mweusi. Ukazitupa kuni. Mwanamke wa umri wako, na goti lile bovu, ulikimbia mtaa mzima, na fundi viatu wa pale kona akadhani umeibiwa, akakufuata mbio akipiga kelele za mwizi.

Nakumbuka mlango kugonga ukuta. Nakumbuka baridi ikinizaba kofi. Ulimnyakua Punje ukatoka naye kwenye manyunyu, yeye tuliyeambiwa asiguswe na baridi, ukampulizia puani na mdomoni, ukamsugua nyayo, ukamwita, ukamwita. Fundi viatu alinikokota mimi, akanilaza kwenye mawe kando ya ndoo ya majivu. Nikasikiliza. Mungu wangu, nilisikiliza! Sikusikia kitu ila sauti yako ikimwita. Halafu kikaja kilio, chembamba, cha hasira, kibaya kabisa, na sijapata kusikia wimbo unaokishinda.

Zahanati ilikuwa mwisho wa mtaa. Walituvutisha hewa ya mtungi, yeye na mimi, mpaka jioni. Muuguzi yuleyule alikuja akanitazama. "Robo saa nyingine," alisema, "ningekuwa nakupa pole." Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Yangu nusura yawe mjukuu wako.

Nikangoja unikaripie. Nilitaka unikaripie, nilikuwa nimeyapanga na majibu. Mwanao akapiga simu kutoka safarini, ukaipokea wewe. "Tulipitiwa kidogo, baba, lakini wote wazima," ulimwambia. Tulipitiwa! Wewe uliyekuwa kwa muuza kuni, ukajiingiza kosani nami ili nisibaki humo peke yangu. Nikageukia ukuta nikalia.

Asubuhi yake niliapa kutoligusa jiko lile maisha yangu yote. Nilikaa mbali, nje kabisa ya mstari wa chaki, nimemkumbatia Punje. Wewe ulizoa majivu, ukapanga vibanzi vyembamba chini na vinene juu, kisha ukanijia na kiberiti. "Washa," ulisema. Nikatikisa kichwa. "Anayeudharau moto na anayeuogopa, wote wawili watatuunguza. Washa, mwanangu. Mimi nikiondoka, huyu atatunziwa moto na nani?" Ukanyoosha mikono ukampokea mtoto. Ulimchukua ili mikono yangu ibaki mitupu.

Njiti tatu zilivunjika. Ukangoja. Nikafungua ulimi wa bomba, nikafungua tundu la hewa, nikagonganisha kuni karibu na sikio, kwa! kwa!, nikawasha. Kisha nikaenda dirishani nikaweka vidole vyangu viwili. Ulikuja nyuma yangu ukapima na vyako, vikaingia sawasawa. Kisha ukaenda kubandika chai. Mimi nilibaki pale dirishani nikijua kwamba sasa nina mama wawili.

Miaka saba imepita. Siku hizi ni mimi ninayejifunga kitambaa na kutoka mweusi tii, na wewe unayenicheka. Haki yako. Jana nilibana gazeti kwenye mlango wa jiko, nikavuta, likachanika bila kuchomoka, na ulitabasamu ukidhani sikuoni. Muuza kuni naye amekoma kuniwekea mbichi. Mrithi wa masikio yako nimekuwa mimi.

Watu humsifu anayeuzima moto. Humpigia makofi, humsimulia. Wewe umekaa na moto ndani ya nyumba moja miaka arobaini, ukaulisha, ukausafisha, ukaupimia hewa yake, na haujala kitu usichoupa. Nani wa kukupigia makofi kwa jambo ambalo halikutokea? Mimi. Mimi niliyelifanya nusura litokee nakuvulia kofia, Mama, na nakupenda, na nilikosea niliposema lile neno la jiko na mjukuu. Nimelibeba miaka saba. Leo nalitua hapa mbele yako, hata kama unakoroma.

Maana leo asubuhi, mwanao akiwa safarini, nimeona jambo. Punje, kibogoyo wa meno mawili ya mbele, aliamka kabla yetu sote. Nilimkuta juu ya kigoda pale dirishani, shali yake nyekundu mabegani, inamfika kiunoni tu siku hizi, akilisukuma dirisha kwa bidii huku amejiuma mdomo. Nikasimama mlangoni nikimtazama.

"Vidole vyangu vyembamba, Mama," akaniambia bila kugeuka. "Vya Bibi vinene. Kwa hiyo nimeweka vitatu."

Hesabu hiyo hakuna aliyemfundisha. Nikapiga magoti, nikafungua mlango wa jiko taratibu, kama unavyotaka. Vumbi la majivu likapanda, likakutana na mwanga wa vidole vitatu, likamzunguka usoni. Na hapo nikaona kitu ambacho macho yangu hayajawahi kukiona miaka yote hii ya kulipangusa kwa hasira: chembe zile zilikuwa zikisogea mbali naye, kisha zikimrudia, mbali, kisha zikirudi. Ni pumzi yake. Mwanangu anapumua, na vumbi linanionyesha.

Kitambaa cha kufutia kilikuwa mkononi. Nimekiweka chini. Mama, fumbua macho kidogo tu, halafu uendelee kulala. Nimehesabu mara mbili. Tuko wanne.